Kutenga seva zinazotazama intaneti: maswali ya mafundi na wenye biashara wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ukurasa huu ni wa fundi wa Sacco, wa shule, wa kliniki au wa duka la jumla anayetunza seva moja au mbili zilizobeba kila kitu: tovuti, barua pepe, hifadhidata na kipokezi cha malipo ya M-Pesa. Bajeti ni ndogo, na fundi huyohuyo ndiye anayeitwa printa ikikwama. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu huumia zaidi, na kwingine nimepita haraka.

Kutenga katika ngazi ya mfumo endeshi ni nini hasa?

Kompyuta inayotumia Linux au FreeBSD ina kerneli moja, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayogawia programu zote RAM, diski, prosesa na mtandao. Kwa kawaida programu hizo huonana: zinasoma folda zilezile, zinaona michakato ileile, zinatumia kadi ileile ya mtandao. Ukitenga, kerneli inabaki moja, lakini kila kundi la programu linaonyeshwa faili zake peke yake, michakato yake peke yake na anwani yake ya IP. FreeBSD huita chumba hicho jela, Solaris iliita zoni, na kwenye Linux tunasema kontena.

Fikiria nyumba za ploti kule Manyatta au Nyalenda. Kila mpangaji ana mlango na kufuli yake, na jirani akisahau kufunga, mwizi huingia kwa jirani huyo. Lakini paa ni moja, na mara nyingi juu ya kuta hakuna dari. Mwizi anayejua kupanda, akishaingia chumba kimoja, anaweza kushukia cha pili. Kerneli ndiyo lile paa. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na jambo hilo.

Wazo hili ni la juzi?

La. Amri ya chroot, inayobadilisha folda ambayo programu inaiona kuwa mzizi wa diski, ilitokea katika Unix toleo la 7 mwaka 1979. Haikuundwa kwa ajili ya usalama, na mtumiaji mkuu (root, mwenye mamlaka yote) aliyefungiwa ndani yake hutoka bila shida. Poul-Henning Kamp wa Denmark alitengeneza jela za FreeBSD, zikatoka na toleo la 4.0 mwezi Machi 2000, naye alilenga hasa kumfunga mtumiaji mkuu mwenyewe. Zoni za Solaris zilikuja 2005. Upande wa Linux vipande viliingia kimoja kimoja kwa miaka mingi: cgroups, inayoweka mipaka ya matumizi, iliingia katika kerneli mwaka 2008, na Docker, programu ya kujenga na kuendesha kontena, ikatokea 2013 ikarahisisha yote hayo kwa amri chache. Kumbuka mpangilio huo. Watu wengi wamekutana na kontena kama njia ya kusambaza programu, na kwa hiyo hutumia mipangilio ya urahisi wakidhani ni ya usalama.

Nina seva moja. Kwa nini nisisakinishe kila kitu pamoja, kama siku zote?

Fuata njia ya mvamizi wa kawaida. Tovuti ya shule inatumia WordPress, na kuna programu-jalizi (plugin) ya picha ambayo haijasasishwa tangu mwalimu aliyeiweka ahame. Roboti za wadukuzi huzunguka intaneti nzima zikitafuta programu-jalizi hiyo. Haziijui shule yako wala hazina ugomvi na Kakamega. Zikiipata, mvamizi anaanza kuendesha amri kwa jina la seva ya wavuti. Anasoma faili ya mipangilio, anakuta nywila ya hifadhidata, na kwa kuwa hifadhidata ni moja kwa mifumo yote, anapata pia ada za wanafunzi na namba za simu za wazazi. Kisha anatuma barua taka kupitia seva yako hadi anwani yako ya IP inaingia kwenye orodha za kuzuiwa, na barua halali za mwalimu mkuu hazifiki tena.

Ubovu ulikuwa kwenye programu-jalizi ya picha. Ada za wanafunzi zimehusikaje? Zimehusika kwa sababu hakuna kilichokuwa katikati. Ndiyo maana, kabla ya kusakinisha chochote, ninawaomba watu wachukue karatasi, waandike kila huduma, na kando yake wajibu swali moja: hii ikichukuliwa leo usiku, ni nini kingine kinakwenda nayo? Majibu hayo ndiyo mchoro wako wa kutenga.

Kontena na mashine pepe, ipi ni salama zaidi?

Mashine pepe, yaani kompyuta nzima ya kuigizwa ndani ya kompyuta, kwa kuwa kila moja ina kerneli yake. Mvamizi aliyeshinda kerneli ya mashine pepe bado ana haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe, mbele yake, na huo ni mlango mdogo zaidi kuliko miito (maombi ya programu kwa kerneli) zaidi ya 300 ambayo kerneli ya Linux huwapa walio ndani ya kontena. Gharama yake ni RAM na diski.

Watu huuliza kana kwamba ni lazima kuchagua moja. Mpangilio ninaoupenda kwa ofisi ndogo ni mashine pepe mbili kwenye KVM, haipavaiza ya Linux: moja ya vitu vinavyotazama intaneti na nyingine ya vitu vya ndani. Kisha katika kila moja, kontena au jela kwa kila huduma. Paa la vyumba vya nje haligusani na paa la vyumba vya ndani.

Kama unaendesha programu za watu usiowajua, kwa mfano unauza nafasi za tovuti kwa wateja, usiwaweke kwenye kerneli moja na data yako. Hapo sina mashaka hata kidogo. Kliniki pia: rekodi za wagonjwa zikae kwenye mashine pepe yake, na ikiwezekana kompyuta yake.

Nigawe vipi huduma za duka au Sacco?

Mlangoni weka proksi, yaani programu inayopokea maombi kwa niaba ya nyingine, kama Nginx au Caddy, ndani ya kontena yake. Hiyo peke yake ndiyo inayopokea poti 80 na 443. Inashughulikia vyeti vya HTTPS na kupeleka maombi ndani. Haina nywila ya hifadhidata, haina data ya wateja, na ikivamiwa mvamizi anapata cheti na logi (kumbukumbu za matukio). Si jambo dogo, kwa kuwa anaweza kusikiliza yanayopita, lakini hajapata daftari lote.

Nyuma yake kuna tovuti ya umma katika kontena ya pili na mfumo wa wanachama katika ya tatu. Usiziunganishe hata kama zimeandikwa kwa PHP ileile. Tovuti ya umma hubadilishwa na watu wengi na hupokea programu-jalizi za kila namna. Mfumo wa wanachama unashika pesa. Kila moja iwe na hifadhidata yake, au angalau mtumiaji wake wa hifadhidata anayeona majedwali yake tu.

Hifadhidata ikae kwenye mtandao wa ndani usio na njia ya kwenda intaneti. Kwenye Docker unaunda mtandao kwa `--internal`. Kwenye FreeBSD unaipa jela anwani ya ndani na kukataza mengine kwa pf, ukuta wake wa moto. Hakuna sababu ya hifadhidata kama Postgres kuzungumza na dunia.

Barua pepe, kwa maoni yangu, kodi kwa anayeifanya kama kazi yake. Seva ya barua ina historia ndefu ya matatizo na itakula muda ambao ungeutumia kulinda pesa za watu.

Na kipokezi cha malipo ya M-Pesa?

Hapa ndipo naomba usikimbie. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hupeleka taarifa za malipo kwenye anwani ya HTTPS uliyoisajili. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje, na watu wengi huiweka ndani ya programu ileile ya tovuti kwa sababu ndipo ilipo rahisi. Matokeo yake, funguo za Daraja zinakaa kwenye folda moja na programu-jalizi ya picha.

Tengeneza kontena ndogo yenye kazi moja: kupokea taarifa, kukagua umbo lake, na kuiandika kwenye jedwali moja la malipo yanayosubiri. Mtumiaji wake wa hifadhidata apewe ruhusa ya INSERT, yaani kuongeza mistari, kwenye jedwali hilo na si zaidi. Hawezi kusoma salio, hawezi kufuta, hawezi kubadilisha. Kontena nyingine, isiyo na poti yoyote wazi kwa nje, ndiyo inayoshika funguo za Daraja. Inasoma jedwali hilo, inauliza Daraja hali ya muamala, na ikijibiwa kwamba pesa kweli zimeingia ndipo inapotia kwenye akaunti ya mwanachama.

Usitie pesa kwenye akaunti ya mtu kwa sababu tu ujumbe umefika kwenye anwani yako. Anayeijua anwani hiyo anaweza kutuma ujumbe unaofanana kabisa. Mpangilio huu unafanya ujumbe wa uongo uishie kwenye jedwali la kusubiri, na unafanya aliyevunja kipokezi asiwe na funguo za kuombea chochote.

Nimewasha ukuta wa moto wa ufw na nimefunga poti 3306 ya MySQL, lakini hifadhidata bado inaonekana kutoka nje. Kwa nini?

Kwa sababu Docker huandika kanuni zake yenyewe katika iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na trafiki inayoelekea kontena hupita njia ambayo kanuni za ufw hazisimami. Ukiandika `-p 3306:3306` umefungua poti hiyo kwenye anwani zote za seva, na `ufw status` itaendelea kukuambia imefungwa. Ni mojawapo ya mitego mibaya zaidi ninayoijua kwenye kazi hii, kwa sababu inamdanganya hata mtu mwangalifu aliyekagua.

Dawa ya kwanza ni kutofungua poti kabisa: kontena zilizo kwenye mtandao mmoja wa Docker huzungumza bila `-p`. Ukilazimika kuifikia ukiwa kwenye seva yenyewe, andika `-p 127.0.0.1:3306:3306`. Kisha pima kutoka nje, kwa laini nyingine kabisa, kwa mfano bando ya simu yako, ukitumia nmap, zana ya kukagua poti zilizo wazi. Usipime ukiwa juu ya seva hiyohiyo.

Programu inaendeshwa na mtumiaji mkuu ndani ya kontena. Kuna ubaya gani, si amefungiwa?

Katika mipangilio ya kawaida ya Docker, mtumiaji nambari 0 ndani ya kontena ni nambari 0 pia machoni pa kerneli. Amepunguziwa mamlaka, lakini ni yuleyule. Februari 2019 ulitangazwa udhaifu wa CVE-2019-5736 katika runc, programu inayoanzisha kontena. Aliyekuwa mtumiaji mkuu ndani ya kontena aliweza kuandika juu ya runc ya seva yenyewe, na hapo akawa mkuu wa mashine nzima. Waliotenganisha nambari za watumiaji, ili nambari 0 ya ndani iwe mtu asiye na cheo nje, hawakuathirika.

Kwa hiyo fanya haya: endesha programu kwa mtumiaji wa kawaida. Tumia Podman, programu nyingine ya kontena, au Docker katika hali isiyohitaji mtumiaji mkuu. Ondoa mamlaka yote kwa `--cap-drop=ALL` kisha rudisha yale ambayo programu italia ikiyakosa; mara nyingi hakuna. Ongeza `--security-opt=no-new-privileges`, na `--read-only` ili mvamizi asipate pa kuandikia programu hasidi, ukiacha folda chache za data. Usizime seccomp, kichujio cha miito: kile cha kawaida cha Docker hukataza miito takriban 44 ambayo tovuti haina haja nayo.

Kuna mambo gani yanayobomoa utengaji wote?

Matatu nayaona tena na tena. Kuendesha kontena kwa `--privileged`, inayoipa karibu mamlaka yote ya seva, kwa sababu mafunzo fulani mtandaoni yalisema hivyo. Kupachika (mount) faili ya `docker.sock`, ambayo Docker hupokelea amri, ndani ya kontena ili programu fulani ionyeshe takwimu nzuri. Anayeishika faili hiyo anaweza kuanzisha kontena mpya iliyopachikwa diski nzima, yaani ni mtumiaji mkuu wa seva. Na kupachika folda kubwa, kama `/` au `/etc`, pale ambapo programu ilihitaji faili moja tu.

Kwenye FreeBSD makosa yanayolingana na haya ni kuiruhusu jela kupachika diski au kutumia soketi ghafi (za kutunga pakiti za mtandao yenyewe) bila sababu. Mwanzoni vyote viwili vimekatazwa, na ni vyema viendelee hivyo.

Docker au jela za FreeBSD?

Kama tayari unaijua Linux, baki nayo. Seva iliyo salama ni ile ambayo wewe na atakayekurithi mnaielewa. Jela nazipenda kwa sababu ni kitu kimoja kilichobuniwa kizima, mipangilio yake inasomeka kwenye faili moja, na pamoja na ZFS, mfumo wa faili, unachukua taswira ya jela nzima kabla ya kusasisha na kuirudisha ikiharibika. Ila kumpata fundi wa FreeBSD kati ya Nakuru na Busia ni kazi, na mwenye biashara ana haki ya kulifikiria hilo.

Watu husahau njia ya tatu. Huduma moja ndogo haihitaji kontena; systemd, inayoanzisha huduma kwenye Linux, yenyewe inaweza kuifungia kwa mistari michache: `ProtectSystem=strict`, `PrivateTmp=yes`, `NoNewPrivileges=yes`, `DynamicUser=yes`.

Mashine yetu ni ya mtumba, RAM ni GB 8. Itatosha?

Kwa mpangilio nilioueleza, ndiyo, kwa sababu mashine pepe ni mbili tu, na kontena zilizo ndani yake hazibebi kerneli zao. Lakini weka mipaka ya RAM, prosesa na idadi ya michakato kwa kila moja. Bila mipaka, tovuti iliyoshambuliwa kwa maombi mengi itamaliza RAM na kuangusha mfumo wa pesa uliokuwa salama kabisa. Linux hufanya hivyo kwa cgroups, FreeBSD kwa rctl.

Je, nifunge pia trafiki ya kutoka?

Funga, tafadhali. Ukuta wa moto wa wengi hukagua wanaoingia na kumwacha kila anayetoka. Mvamizi akishaingia huhitaji kutoka: kupakua zana zake, kutuma data, kuchimba sarafu za kidijitali, kushambulia wengine. Tovuti ya umma haina sababu ya kufungua miunganisho ovyo. Ruhusu inachohitaji, kataa mengine, na andika kwenye logi kila kilichokataliwa. Logi hiyo mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza utakayoiona. Kama seva imekodiwa kwenye wingu, kataa pia anwani ya 169.254.169.254 kwa kontena zote. Watoa huduma wengi huitumia kugawa taarifa za mashine, pengine na funguo zake.

Ofisi haina anwani ya umma ya IP. Tunalazimika kuhamisha data?

Hapana. Kodi seva ndogo mahali popote, iweke proksi peke yake, kisha iunganishe na ofisi yako ya Milimani au Mega kwa WireGuard, yaani handaki la mtandao lililosimbwa. Ofisi ndiyo inayopiga simu kwenda nje, kwa hiyo laini isiyo na anwani ya umma haileti shida. Upande wa ofisi, usiruhusu handaki hilo lifike mtandao mzima wa ndani. Lifike kwenye poti ya programu moja tu. SSH, ya kuingia seva kutoka mbali, nayo iwe ndani ya WireGuard, kwa funguo na si kwa nywila.

Stima ikipotea?

Kutenga hakusaidii. Nunua UPS, na ukiwa Kakamega au Kisii nunua pia kinga ya radi kwa ajili ya stima na kwa waya wa mtandao. Panga hifadhidata iamke kabla ya programu zinazoitegemea.

Kontena inajisasisha?

Haijisasishi. Imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa nacho, uliyoijenga mwaka jana ina maktaba za mwaka jana, hata kama seva yenyewe umeisasisha asubuhi. Jenga imeji upya kwa ratiba, angalau kila mwezi, na haraka zaidi tangazo likitoka. Na kerneli ndiyo ya kwanza, kwa sababu ya lile paa: Dirty Pipe, udhaifu wa CVE-2022-0847 uliotangazwa Machi 2022, ulimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili alizoruhusiwa kuzisoma tu, hata zilizopachikwa kwa kusoma pekee. Mipangilio mizuri ya kontena haikuuzuia. Kilichouzuia ni kerneli mpya na kuwasha mashine upya, na fundi anayejisifu kwamba seva yake haijazimwa kwa miaka miwili ananitia wasiwasi.

Nikishuku kontena imevamiwa nifanye nini?

Usiifute. Ikate kwanza kwenye mtandao kwa `docker network disconnect`, ukiiacha hai, kisha nakili faili na logi zake nje ya seva. Badilisha kila nywila na ufunguo uliokuwa ndani yake. Ile karatasi ya mwanzo itakuonyesha ni ipi. Kagua logi za hifadhidata ujue mtumiaji wa kontena hiyo alisoma nini. Kisha jenga mpya kutoka kwenye imeji safi, ukirudisha data kutoka kwenye bekapu ya kabla ya uvamizi. Bekapu ziwe zinavutwa na mashine nyingine. Seva inayotazama intaneti isiwe na ruhusa ya kuzifuta.

Kama data za watu zimefikiwa na kuna hatari ya kweli ya wao kuumia, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, na uwajulishe wahusika wenyewe. Ukiwa fundi wa nje unayechakata data kwa niaba ya mteja, una saa 48 za kumwambia mteja wako. Saa hizo huisha haraka, kwa hiyo anza kuandika mara moja: uliona nini, saa ngapi, kontena gani, na ndani yake kulikuwa na data za nani. Aliyetenga ataandika jedwali moja au mawili. Asiyetenga atalazimika kuandika kila kitu, kwa kuwa hawezi kuthibitisha ni wapi mvamizi hakufika.